Sisi twafyatua tofali, Mama anataka nauli!

Desemba ikianza kunukia, mwenzangu, Dar hapakaliki. Wachaga washakata tiketi zao siku nyingi, stendi ya Mbezi watu wamejaa kama dagaa kwenye ungo, na kila unayekutana naye anakutupia swali lile lile: "Vipi, sikukuu unakwenda kwenu?" Mimi ukiniuliza hivyo nakujibu kwa swali pia: kwetu kuko wapi mwezi huu?

Usicheke. Kwetu kunatembea. Baba yangu, mzee wa miaka 73 tulipokutana Krismasi ya 2024, na Mama mwenye 68, hawana nyumba. Hawajapanga, hawajajenga, wala hakuna mtu aliyewafukuza. Mali yao inaingia kwenye begi moja la shangazi kaja, mkeka mmoja, jiko dogo la gesi, redio ya Baba na daftari la Mama. Hilo daftari ndiyo hati ya nyumba yenyewe. Mama kaandika humo ratiba ya mwaka mzima kwa kalamu nyekundu: Januari mpaka Machi Mbeya kwa mdogo wetu wa mwisho, halafu Ifakara kwa mdogo wake Mama, kiangazi Dodoma kwa kaka, wiki sita Dar kwangu (zaidi ya hapo joto linamshinda Baba), kuanzia Novemba Kilosa kwa shangazi, na Krismasi lazima Mikumi kwa dada. Sikukuu ikiisha, mzunguko unaanza upya. Wameishi hivyo tangu 2010.

Na usidhani ni wale wageni wa kukaa sebuleni wakingoja chai. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe; Mama anakuja na jembe lake. Akitoka Ifakara ana mchele. Akitoka Mbeya ana viazi. Basi likisimama Ruaha Mbuyuni ananunua vitunguu, tena anashuka mwenyewe kuchagua, haamini vya dirishani. Akifika kwako anagawa, anapika, anafua mapazia ambayo wewe ulishasahau kama yana rangi, na siku ya kuondoka ikifika anaondoka, hata umpigie magoti.

Tabu inakuja kwenye makaratasi. Nchi hii kila ofisi inataka kujua unakaa wapi. Mwaka 2022 vijana wa anwani za makazi walipopita kubandika namba za nyumba, Mama aliwauliza kama wana kibao kidogo cha kubandika kwenye begi. Sensa ya mwaka ule ule iliwakuta Mikumi, kwa kuwa watu walihesabiwa pale walipolala usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Walikuwa njiani, basi likawaharibikia, wakalala kwa dada. Hivyo kitaifa wazee wangu ni wakazi wa Mikumi, shauri ya rejeta.

Sasa nikurudishe nyuma kidogo uone mambo yalianzaje.

Baba alikuwa gadi. Kwa ninyi mliozaliwa juzi, gadi ni yule bwana wa behewa la mwisho, mwenye filimbi na bendera mbili, ya kijani na nyekundu. Dereva hata awe mkali vipi, treni haiondoki mpaka gadi apunge ile ya kijani, na gadi mwenyewe hupanda mwisho. Aliajiriwa 1973 na Shirika la Reli la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika 1977 akajikuta mtu wa TRC bila kuhama hata kitanda. Kituo chake kilikuwa Kilosa, mji ambao reli ya kati inapita na tawi moja linachepuka kwenda Mikumi hadi Kidatu. Huko Kidatu linakutana na reli ya TAZARA, lakini hazishikani, maana ya kwetu ina upana wa milimita 1,000 na ya TAZARA 1,067. Milimita 67 tu! Mizigo inabidi ishushwe hapa ipakiwe pale. Baba anapenda kusema aliona ndoa nyingi zilizovunjika kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Alipostaafu 2006 akanunua nyumba ya vyumba vitatu pale pale Kilosa, upande wa mtoni. Mwishoni mwa Desemba 2009 mto Mkondoa ukavunja kingo. Waliokuwa wakubwa mtakumbuka: maelfu ya watu walibaki bila makazi, reli ikakatika kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Ya Baba ilibaki kuta mbili na mlango uliofungwa kwa kufuli. Ufunguo anao mpaka leo. Wakakaa kwenye hema wiki kadhaa, kisha kaka akaja kuwachukua kwenda Dodoma. "Kwa muda," alisema. Muda wenyewe ndiyo huo, miaka kumi na tano!

Bila shaka unajua watu wanavyosema. Kilosa wanasema wale watoto wanne wanasukumana wazee kama mpira wa makaratasi. Kanisani Dodoma kuna mama mmoja alimwuliza kaka mbele za watu, "Wazazi wako umewapeleka wapi tena?" Kaka yangu ni mkubwa wetu, mtu wa tai na makabrasha. Neno lile lilimkaa kooni kama mwiba wa perege. Ndipo akafungua kundi la WhatsApp, akaliita "Nyumba ya Wazee", kila mtoto elfu hamsini kwa mwezi, bila mjadala. Akanunua kiwanja Kilosa, safari hii mlimani, akafyatulisha tofali 3,000 zikachomwa. Mpango ukawa tuwaonyeshe wazee kiwanja, halafu usiku wa Krismasi, kule Mikumi kwa dada, atandike ramani mezani.

Basi, tarehe 23 Desemba nikapanda treni ya SGR, ile ya umeme iliyoanza kwenda Dodoma 2024. Jamani, nilinunua karanga nikidhani nasafiri. Tumefika Kilosa hata nusu sijatafuna. Baba alikuwa nje ya uzio wa stesheni tangu asubuhi, kavaa koti lake la kazi. Nikamwamkia, akaitikia bila kunitazama, macho yapo kwenye mabehewa.

"Gadi anakaa wapi humu?" akaniuliza.

Nikamwambia sijui, Baba, nadhani wapo wahudumu. Akaguna. Halafu akataka kujua upana wa reli. Hilo nililijua, milimita 1,435. Akapiga hatua pale mchangani akipima, akasimama akitazama nafasi ile katikati ya viatu vyake. "Hii imenona," akasema.

Kaka naye akashuka mchana na treni ya kutoka Dodoma, kabrasha kwapani. Tukaenda kiwanjani sote na wazee. Pazuri, sikufichi. Unauona mji wote chini na ule mstari wa miti unaofuata mto, na wewe uko juu, maji hayakufikii labda ya Nuhu. Kaka akaeleza: hapa sebule, hapa baraza ya Mzee kusikiliza redio, hapa bustani ya Mama. Baba akakaa juu ya tofali akafuta jasho. Mama akazunguka kiwanja chote, kanga imefungwa kiunoni, kisha akauliza swali moja tu:

"Toka hapa mpaka stendi ni mwendo gani?"

Kesho yake tukashika njia ya Mikumi, siyo hata kilomita 80, tumebanana kwenye gari dogo na kuku wa Krismasi miguuni. Kwa wasiojua njia ile, katikati kuna kijiji kinaitwa Ulaya. Kweli kabisa, Ulaya! Mama kila akipita hapo anatutangazia abiria wote kwamba amefika Ulaya bila pasi wala viza, na wanaomjua wanacheka kabla hajasema.

Dada ana mgahawa pale Mikumi mjini, kando ya barabara kuu ya Zambia. Malori ya Tunduma na Kongo yanasimama usiku na mchana, madereva na utingo wanataka wali maharage chapuchapu. Barabara hiyo hiyo inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita kama 50, hivyo nyani na tembo utawaona bure, bora dereva wako asimgonge mnyama, maana faini yake utauza gari. Na ni barabara hiyo hiyo iliyotuletea wageni wa Mama.

Jioni ya mkesha likaingia lori jeupe, refu, lina dirisha lenye pazia na ngazi ya kushukia nyuma. Wakashuka wazungu wawili, mzee na bibi, wamevaa kandambili. Wajerumani. Wanataka chapati. Kiingereza changu cha kuombea maji kikapata kazi. Kumbe wale ni wastaafu kama Baba, mama alikuwa mwalimu, bwana fundi umeme, na lile lori ndiyo nyumba. Nyumba ya matofali walishauza. Wanashuka taratibu kuelekea Malawi, na wakichoka kuona wanageuza.

Mama akataka kuingia. Unamjua mama wa Kiswahili akitaka kuona jiko la mwenzake? Akavua ndala mlangoni, akapanda. Nikapanda nyuma yake kutafsiri. Kitanda juu, meza inayokunjwa, jiko la gesi la mafiga mawili, tangi la maji, sola darini, picha za wajukuu zimebandikwa kwenye mlango wa kabati. Mama akafungua kila kitu kinachofunguka. Akauliza choo kiko wapi, akaonyeshwa, akauliza maswali mengine ambayo gazeti hili haliwezi kuchapa.

Halafu akauliza la wajukuu. Krismasi hii wako na nani? Yule bibi akasema mwaka mmoja wanasherehekea walipo, mwaka unaofuata wanaliacha lori sehemu salama, wanapanda ndege kwenda kwa binti yao. Wanakaa siku kumi. "Ya kumi na moja," akasema, "hatupendani tena." Nilipotafsiri, Mama alicheka mpaka akakaa kitandani kwa wenyewe.

Yule bibi naye akauliza, na nyumba yako wewe iko wapi? Mama akanyoosha kidole dirishani, kwenye begi la shangazi kaja lililoegeshwa ukutani kwa dada.

"Mwambie yangu ni ile pale. Haina magurudumu, ina mikono."

Wenzetu hawa wako wengi, nikujuze. Marekani kuna wastaafu wanaoishi mwaka mzima ndani ya magari ya namna hiyo. Baridi ikianza kaskazini wanashuka kusini kama mbayuwayu. Mji mdogo wa Quartzsite jangwani Arizona hufurika wakati huo. Tatizo lao la makaratasi ni kama la Mama, ila wao wamelitafutia dawa. Kuna klabu inaitwa Escapees, ilianzishwa 1978, ina makao Livingston, Texas, inakupa anwani na kupokea barua zako wewe ukiwa porini unakaanga mayai. Lakini wapo pia ambao hawakuchagua. Ile filamu ya Nomadland iliyobeba Oscar mwaka 2021 ilitokana na kitabu cha Jessica Bruder kuhusu watu wazima waliopoteza nyumba na kazi baada ya uchumi kuanguka 2008, wakahamia kwenye magari na kuzunguka wakitafuta vibarua vya msimu. Ukiwaona barabarani wote wana pazia dirishani. Nani katoka kwa raha na nani kwa dhiki, kwa nje hujui.

Ndiyo maana usiku ule wa Krismasi, pilau imeshashuka, watoto wanalipua fataki nje, nilikuwa na hamu na kilichokuwa kinakuja. Hakuna aliyewahi kuwauliza wazee swali lenyewe. Kaka akasogeza sahani, akatandaza ramani, akaisoma yote: vyumba vitatu, baraza, tangi la maji. Akamaliza kwa sauti ya kutetemeka kidogo: "Mzee, Mama, sasa mtapumzika."

Kimya. Sote tukamtazama Baba, maana tangu zamani imesemwa kwamba ni yeye asiyetulia, reli imemwingia damuni, na Mama wa watu anaburuzwa.

Aliyejibu ni Mama.

"Mwanangu, Mungu akubariki. Lakini mimi kupumzika nimepumzika miaka thelathini na moja. Baba yenu anaijua Tabora, anaijua Kigoma, anaijua Mwanza. Mimi nilikuwa naujua mlango wa kota. Saa nane za usiku namfungulia, saa kumi alfajiri namfungia. Mto uliponichukulia nyumba nililia. Kisha ukaja kunipandisha basi la Dodoma, nikaiona Gairo, nikaiona Kibaigwa, nikasema, kumbe! Nina miaka hamsini na tatu ndiyo kwanza naona nchi. Sasa unataka kunirudishia mlango?"

Kaka akabaki mdomo wazi. Dada akaanza kukusanya sahani zilizokwisha kukusanywa.

Mama akaendelea, safari hii kwa sauti ya biashara: "Jengeni. Tofali msizitupe. Halafu wekeni mpangaji. Kodi iwe nauli yangu."

Hapo watu wakaangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza, na mambo yangeishia hapo kwa heri. Ila Baba hakucheka. Alikuwa anachezea kofia ya chupa ya soda, anaizungusha mezani.

"Mimi," akasema, "ningependa kulala kwenye kitanda ambacho sijaazima."

Mwenzangu, fataki nje zilisikika zote moja moja.

Tulijua Baba anameza vidonge vya presha, tulijua goti linamsumbua akipanda ngazi za basi. Lakini tulimzoea anavyobeba begi, anavyohesabu mizigo, anavyowapandisha wote kisha yeye mwisho, gadi kama gadi. Mama alimgeukia taratibu.

"Ungesema, Baba nanihii."

"Ungeacha kwenda."

Hawakusema zaidi mbele yetu. Usiku nikiwa nimelala chumba cha pili niliwasikia wakiongea chini chini mpaka malori yalipoanza kupungua barabarani. Sikusikia maneno, na hata kama ningesikia nisingeyaandika humu.

Tarehe 27 ndiyo wakatoa maamuzi, Mama anasoma kwenye daftari kama karani wa mahakama. Nyumba ijengwe. Upande mmoja chumba na sebule ni vya wazee, havipangishwi, ufunguo kwa Baba. Upande wa pili mpangaji. Kuanzia Julai mpaka Oktoba Baba atakaa Kilosa, shangazi yupo karibu atamwangalia na vidonge vyake. Mama ataendelea na ratiba, na kila mwezi atapita Kilosa wiki moja. Novemba wanaungana, Krismasi Mikumi kama kawaida.

Kaka alipinga kwa nguvu zote. Watu watasemaje? Mama anazurura nchini, Mzee analala peke yake na redio! Baba akamkata kauli: "Mimi nililala behewani miaka zaidi ya thelathini. Nani alisema?"

Mimi niko upande wa Mama, na sioni haya. Mwanamume akizunguka tunamwita mtafutaji, mwanamke wa miaka 68 akizunguka tunamtafutia tofali za kumzuia. Ila sikudanganyi, ile sentensi ya kitanda cha kuazima bado inanisumbua. Nikiwa Dar, foleni imekaza Kimara, nawaza Julai itakavyokuwa: Mzee kafungua mlango wake mwenyewe, kawasha redio, na ni yeye sasa anayengoja kusikia hatua za mtu nje. Dada anasema ni zamu tu. Kaka anasema ni talaka ya kistaarabu. Mchango wake wa Januari na Februari hakuutuma, akasingizia ada za watoto; Machi akatuma yote kwa pamoja, bila kuandika neno.

Waliondoka Mikumi tarehe 2 Januari. Basi la Mbeya lilisimama dakika mbili kando ya mgahawa. Mama akapata dirisha. Baba akatupa begi kwenye buti, akahakikisha limefungwa, akapanda.

Jioni simu ikalia, Mama yuko Makambako. Anasema kuna baridi ya kukata masikio, Baba anasinzia, goti halijambo, na lile sweta lake la kijani amelisahau juu ya kamba kwa dada, nimtafutie mtu anayepanda Mbeya kabla ya Jumapili amletee. Akaongeza kwamba viazi vya Njombe vimeshuka bei, na nisimwambie kaka, lakini amechukua debe mbili.